Gari Lisilowatikisa Wagonjwa

Saa saba mchana, jua limekaa utosini. Katika ua wa hospitali madereva wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, magari yao yamezimwa na milango imeachwa wazi. Mwanamke mmoja tu amebaki ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Ukiinamia boneti husikii kitu.

"Wenzangu huniuliza nachoma mafuta ya nani," ananiambia. "Nawaambia hapa natumia betri. Injini ikihitajika, itaamka yenyewe."

Gari ni dogo, aina ya haibridi, linalotumia petroli na umeme kwa kupokezana. Mwenyewe huitwa Shangazi, hata na waliomzidi umri. Mara tatu kwa wiki huwaleta wagonjwa wa figo kusafishwa damu, huwasubiri, kisha huwarudisha nyumbani.

Alianza na mmoja, mumewe. Walikuwa na gari kubwa kuukuu, lenye ngurumo nyingi kuliko mwendo.

"Akitoka mashineni hana nguvu hata ya kumeza mate. Gari likitetemeka kwenye foleni, anatapika. Nikizima injini ili mafuta yatufikishe, anaungua na joto. Hakuwahi kulalamika. Ananitazama tu."

Mumewe alipofariki, aliuza gari kubwa, akanunua hili, akarudi hospitali ileile kuwachukua waliobaki. Namuuliza kwa nini hakupakimbia mahali pale.

"Nimelipata gari ambalo lingemfaa, na yeye hayupo," anasema. "Basi liwafae wengine."

Hulisifia gari lake kama mtu anayemsifia mkwe aliyemchagua mwenyewe. Tenki lililokuwa likikauka katikati ya wiki sasa linaimaliza wiki. Kwenye foleni, wengine wakiteketeza petroli, lake linakaa kimya. Likiondoka haliruki, na mgonjwa aliyelala haamki. Kwa sababu hiyo hajapandisha nauli, na abiria wake, ambao wengi hawana kazi tena, hawaruki siku ya matibabu kwa kukosa usafiri.

Abiria wake wa muda mrefu kuliko wote ni fundi cherehani mwenye mvi na mdomo usiokaa bure. Kwa shukrani alimshonea takia nene la kiti cha nyuma, lililoenea mpaka ubavuni, ili anayesinzia asigongwe mbavu. Kila aliyelikalia alilipenda.

Halafu, asubuhi moja ya msimu wa joto, taa nyekundu iliwaka na gari likasimama barabarani na wagonjwa ndani. Walipopata usafiri mwingine na kufika, zamu ya mshonaji kwenye mashine ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Usiku maji yalimjaa kifuani. Alilazwa wiki nzima akisaidiwa kupumua.

Fundi umeme wa magari alipolifungua gari, alimwita Shangazi na kumwonyesha kitundu chenye wavu ubavuni mwa kiti cha nyuma. Betri kubwa imelazwa chini ya kiti hicho, na hewa ya kuipoza hupita hapo. Takia lilikuwa limeliziba tundu lote.

"Dada, mmemfunika blanketi mtu mwenye homa," alimwambia.

Seli zilizoharibika zilibadilishwa, takia likafichwa kabatini. Tangu hapo mshonaji akiliulizia, huambiwa liko kwenye kufuliwa.

"Ningemwambiaje?" Shangazi ananiuliza. "Mtu kashona kwa mapenzi, na kitu hichohicho nusura kimuue. Ataacha kupanda gari langu, na akiacha, nani atamleta?"

Mshonaji anatoka mashineni, plasta mkononi, hatua zake fupi. Anasaidiwa kuingia nyuma, nami naketi kando yake. Tunapopita mataa, ananigeukia.

"Mwandishi, na hili andika. Nilimshonea huyu takia, limemchosha. Eti linafuliwa. Hata pazia la ukumbi halifuliwi muda wote huo. Si aseme tu kazi yangu mbovu?"

Anatabasamu, lakini sauti imemuumbua. Ameumia.

Shangazi hacheki. Anaegesha kando, anageuka na kumweleza yote: tundu, joto la betri, asubuhi ile. Hapunguzi neno. Mimi natazama nje, maana kuna mambo mtu hapaswi kuyatolea macho.

Mshonaji anapapasa ubavu wa kiti mpaka anaupata wavu. Anauwekea kiganja.

"Linavuta hewa kweli," anasema. "Kumbe ulikuwa unanihurumia."

"Nilikuwa naogopa, kaka. Kazi yako nzuri. Ilizidi tu."

"Nguo ikizidi inapunguzwa. Niletee keshokutwa. Mkasi bado naushika."

Shangazi anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, gari linaondoka bila kelele.

Tukishamfikisha kwake, Shangazi ananiambia kwamba betri, kwa makadirio ya fundi umeme, imebakiza miaka miwili hivi. Ikichoka, anataka gari jingine dogo kama hili, na dereva wa pili, kwa sababu wanaoomba kuchukuliwa wamekuwa wengi kuliko viti. Namuuliza kama hilo ndilo ombi lake kubwa.

Anatikisa kichwa, macho kwenye mlango alioingilia mshonaji.

"Gari litapatikana. Mimi naomba keshokutwa nikibisha hodi hapa, aitike."