Rimu ya Meneja

“Mtu ni kama maksai, ukimzoesha anafuata,” alipenda kusema meneja wa duka la ushirika pale kwetu Ushirombo, miaka ile ya sukari ya mgao. Sukari ikifika aligonga rimu ya trekta iliyoning'inia mlangoni, nasi tukatimka na vikapu, mate yakitujaa mdomoni. Baadaye akawa anaigonga hata ghala likiwa tupu, ili atuone tu tunavyokimbia, huku akipapasa kitambi. Tuliendelea kuja, maana siku mojamoja sukari ilikuwepo kweli.

Hakujua kwamba naye ana rimu yake. Aliyeigundua ni Bibi Paskazia, ambaye angeweza kumzaa: ukimwambia “Shikamoo, mheshimiwa,” shingo inarefuka, anaitikia “Marahabaaa,” na mkono unaongeza sukari kwenye mizani bila yeye kuutuma. Basi foleni nzima ya vikongwe ikawa inamwamkia kijana.

Siku moja duka halikuwa na kitu, hata chumvi. Bibi Paskazia akachungulia dirishani, kwa kujaribu tu.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

“Marahabaaa!”

Mkono ukashika kopo, ukachota hewa, ukaimimina polepole kwenye mizani.