Namba Tatu Ilikuwa ya Wimbo

Harufu ya risasi ya kuchomea nyaya haitoki kwenye bati. Nilijua hivyo mwezi uliopita nilipofungua kopo la biskuti ambamo Baba aliweka vifaa vyake vya kazi. Tulimzika kabla ya mvua kuanza, na kibanda chake cha kutengeneza redio na simu hapa Ishiara kilikuwa kimefungwa tangu siku ile. Nilikuwa natafuta bisibisi tu. Harufu ikatoka kwanza, kali, yenye utamu kidogo, na chini ya bisibisi, ndani ya kipande cha shuka kuukuu, nikaikuta mashine.

Tuliiita mashine tu, kana kwamba hakuna nyingine duniani. Ilikuwa kompyuta ya kushika mkononi, ukubwa wa Agano Jipya la mfukoni, yenye skrini juu na vitufe vidogo chini vilivyopangana kama meno ya mtoto. Ndani yake kulikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Mgeni mmoja aliyekuja kupima visima aliileta kibandani ikiwa imekufa, akasema atarudi Ijumaa. Hakusema Ijumaa gani. Baba aliifufua, akangoja mwaka mzima, kisha akaanza kuitumia, lakini kila Ijumaa aliipangusa vumbi, huenda mwenyewe akatokea.

Baba aliachia shule darasa la saba. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa kusukumwa, kwa hiyo msitarajie nieleze mambo haya kama mhandisi. Nitaeleza kama alivyonieleza yeye. Ukitaka mashine ikufanyie kazi, alisema, unaiandikia barua. Barua ni mistari michache ya maagizo: fungua hiki, cheza kile, subiri kidogo, rudia. Wenye kompyuta huiita skripti. Kisha unakiambia kitufe: wewe ukibonyezwa, soma barua fulani. Vitufe vingi vilikuwa vimekufa, lakini vitatu vya namba vilikuwa hai. Namba moja ilifungua saa, namba mbili daftari, na namba tatu ilicheza wimbo wa sadaka ambao Baba alikuwa amerekodi kwaya ikiuimba.

"Mashine hufanya ulichosema," aliniambia mara nyingi, "si ulichotaka."

Alinifundisha jambo lingine. Ukiacha mstari wa kwanza kabisa, mstari wowote unaouanza kwa ile alama ya vijistari vinne vinavyokatana, ambayo watu hubonyeza kwenye simu wakiangalia salio, mashine inauruka.

"Sasa uko hapo wa nini?" nikamuuliza.

"Huo ni wa watu. Wa yule atakayekuja kufungua baadaye."

Alinifundisha kuzisoma barua hizo. Kuziandika alinikataza mpaka nifike darasa la nane. Nilikuwa la sita, nikaona la nane liko mbali kama Mombasa.

Mama hakuipenda mashine hata kidogo. Jioni moja, akipepeta ndengu, alisema bila kuinua kichwa, "Baba Wawira, Njagi wa sokoni atatupa mbuzi kwa hicho kitu chako. Ana mimba."

"Njagi ana mimba?"

"Mbuzi! Mbuzi huzaa. Hiyo yako inazaa nini?"

Baba akamwomba angoje Jumapili. Mpiga kinanda wa kanisa letu alikuwa amehamia Embu mjini, na wazee walikubali mashine icheze wimbo wa sadaka kupitia spika za kanisa. Baba alikuwa amefua suti kwa ajili hiyo.

"Haya," Mama akasema. "Ikiimba vizuri Jumapili, itabaki. Ikituaibisha, siku ya soko ni mbuzi."

Basi mimi nami nilikuwa na shida yangu. Ilikuwa likizo ya Desemba, na mawele, ambayo sisi huyaita mwere, yalikuwa yameanza kujaa punje. Kila mtoto wa Mbeere anajua maana yake. Unapanda kwenye ulingo wa miti katikati ya shamba tangu alfajiri, unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linakauka, na ndege wanahama upande mmoja kwenda mwingine wakikungoja uchoke. Baada ya siku tatu walikuwa wameizoea sauti yangu. Nilipopiga kelele, walikuwa wakinitazama kwa heshima kidogo, kama watu wanaosikiliza tangazo lisilowahusu.

Sauti ya Mama hawakuizoea. Mama akipiga kelele, hata mbwa wa jirani alitubu. Siku alipokuja shambani akakuta wingu la ndege juu ya mwere wake, mashine ilikuwa nami mfukoni. Sitaficha: niliichukua kibandani bila ruhusa. Nikamrekodi. Aliyasema kwa Kimbeere, lakini kwa Kiswahili yalikuwa hivi: "Tokeni hapo, wezi nyinyi! Mnakula na hamkulima! Nimewaona! Hata wewe wa nyuma, nimekuona!"

Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi, juu ya ulingo, niliandika barua yangu ya kwanza. Cheza Mama. Subiri nusu dakika. Rudia. Mwisho wa kurudia sikuuweka, kwa sababu ndege nao hawakuwa na mwisho. Nikachukua kitufe namba tatu, nikakiambia kiache wimbo, kisome barua yangu. Nikaunganisha waya kwenye redio kuukuu yenye betri nilizokuwa nimezianika juani ili zipate nguvu. Nikabonyeza.

Ndege waliondoka kama vumbi linalopulizwa mezani. Nikalala kivulini chini ya ulingo siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, nikichomoa betri ya mashine kila jioni na kuirudisha kibandani kabla Baba hajaiulizia. Jumamosi Mama alinituma kwa nyanya yangu. Nilikuwa nimepanga kurudisha wimbo kwenye namba tatu siku hiyo. Kwa nyanya kulikuwa na njugumawe za kuchemsha. Nikasahau.

Jumapili Baba alisimama kando ya mimbari, suti imenyooka, mashine imeunganishwa kwenye spika mbili kubwa za kanisa. Mzee Ireri akashika kikapu cha sadaka. Watu wakaanza kusogea mbele. Mhubiri akasema, "Tumtolee Bwana kwa wimbo." Baba akabonyeza tatu.

"Tokeni hapo, wezi nyinyi!"

Mzee Ireri aliweka kikapu chini kwa mikono miwili.

"Mnakula na hamkulima! Nimewaona! Hata wewe wa nyuma, nimekuona!"

Waliokuwa nyuma waliketi. Kijana mmoja aliyekuwa amepita kikapu bila kutoa chochote aligeuka, akarudi, akatoa. Kanisa zima likamtazama Mama, aliyekuwa safu ya tatu, Biblia mapajani, mdomo umefungwa kabisa. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Anaongea na nini?"

Baba akabonyeza tena ili kuizima. Lakini barua yangu haikujua kuzimwa; ilijua kuanza tu. Mama wa pili akaanza nyuma ya Mama wa kwanza. Baba akabonyeza mara ya tatu. Sasa Mama walikuwa watatu, wanapokezana, mmoja anasema wezi, mwingine anasema hamkulima, wa tatu amemwona wa nyuma. Mhubiri akasema, "Kanisa, tuombe," akafumba macho, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baba akachomoa betri. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya suti ile. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilishika benchi badala yake.

"Mnisamehe," Baba akasema. "Ni mkono wangu uliokosea."

Nyumbani, Baba mwenyewe aliifunga mashine kwa kipande cha shuka, tayari kwa Njagi. Nililia nyuma ya choo, na hata hapo sikusema.

Asubuhi Mama alikuja jikoni na kile kifurushi mkononi. "Nionyesheni kitufe ni gani."

"Cha nini?" Baba akauliza.

"Kama mzee Ireri ameweka kikapu chini, ndege wa shambani ni nani?"

Njagi alikuja siku ya soko na mbuzi wake, akarudi naye. Mwere tulivuna wote. Lakini kanisa halikumwita Baba kucheza wimbo tena, na nilijua alikuwa akiutamani. Watu walimwita Fundi wa Mama Watatu, naye akaitika miaka yote.

Mwezi uliopita niliichomekea mashine waya wa umeme, kwa kuwa betri ilikuwa imevimba, nikaifungua barua yangu. Mistari ilikuwa vilevile, na makosa yake. Juu yake kulikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi, umeanza kwa alama ile ya vijistari vinne:

"Hii ni kazi ya Wawira, darasa la sita. Ndege wanakimbia, wazee pia. Mtu asiifute."

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo mtoto yeyote angeifanya. Ishiara nzima tulikuwa watu wawili tulioweza kuandika barua ile, na yeye alijua hakuiandika. Aliposimama mbele ya kanisa na kusema ni mkono wake, alikuwa ameshajua ni wa nani.

Nikaandika mstari wangu chini ya wake: "Ni mimi, Baba. Nilisahau kurudisha wimbo." Kisha nikaunganisha spika, nikabonyeza tatu.

Mama alikuwa ameketi nje ya kibanda, anachambua ndengu. Siku hizi sauti yake ni ndogo, tangu mazishi imekuwa ndogo zaidi. Alisikiliza sauti yake ya zamani mpaka ikamwona wa nyuma.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyeandika hii."

"Kwani nani hakujua?" Akachagua changarawe moja, akaitupa. "Bonyeza tena. Baba yako alibonyeza mara tatu."