Matone ya Kwanza ya Falesi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado haujakauka, Falesi Chimombo amechuchumaa mbele ya pipa lake kijijini Malambo, Ntchisi. Moto umekolea. Mrija wa shaba umepita kwenye beseni la maji baridi, na macho yake hayabanduki kwenye ncha ya mrija huo.

Siku nyingine angekinga kwa chupa. Leo ameweka kichupa cha kioo chenye mistari ya vipimo, alichoazimwa shuleni.

Falesi, mama wa watoto watatu mwenye miaka thelathini na sita, hupika kachasu, gongo la huku Malawi. Si kazi ya kujisifia kanisani, naye hafichi hilo. Pipa humwachia kwacha elfu nane kwa wiki. Kila asubuhi akishapika huvaa sare, akaketi kidato cha nne na watoto wa rika la mwanawe.

Zahanati imemwekea nafasi ya kusomea uuguzi msaidizi, mradi afaulu kemia mwaka huu. Mwakani nafasi ni ya mwingine. Mtihani wa vitendo ni Ijumaa, leo Jumatano.

Linalomtisha ni kwamba kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake anakujua kuliko darasa zima. Kwenye jaribio la mwezi uliopita, karatasi iliagiza kwa Kiingereza matone kumi ya kwanza yakingwe, yapimwe. Falesi aliyamwaga. Akapewa sifuri.

"Mama alinifundisha, ya kwanza ni ya ardhi," anasema. "Mjomba wangu aliyanywa, akapofuka. Mkono ulimwaga wenyewe. Maneno niliyaona pale kwenye karatasi, lakini hayakunifika."

Jirani yake Naphiri, mpishi mwenzake, hajamwacha apumue. "Wewe umeshindwa na gongo, shoga? Basi mimi nitashindwa na ugali."

Darasani Kichewa ni marufuku. Anayeteleza hufagia uwanja. Mwalimu wake, Yobu Kanjere, huishika amri hiyo mpaka getini, kisha huja hapa motoni kueleza upya kwa lugha ya nyumbani.

"Darasani wananiitikia ndiyo, ndiyo," anasema. "Nikiuliza huku nje, ndipo naona nilikuwa naongea na ukuta."

Leo haelezi. Amempa Falesi karatasi ya Kiingereza na kunyamaza, kwa kuwa Ijumaa atanyamaza vivyo hivyo.

Falesi anasoma, kidole kikifuata mstari. Anarudia. Tone linaning'inia.

"Mwalimu, hili nalo nikinge?"

Mwalimu anatazama kuku.

"Haya, mimi mama yako nimezaa bubu," Falesi anamtania.

Anasoma mara ya tatu. Mkono unakwenda kukiondoa kichupa, unasita, unarudi gotini. Tone linaanguka ndani ya kioo. La pili. Midomo inahesabu bila sauti mpaka kumi. Anaandika kipimo, kwa Kiingereza, polepole.

Ndipo anainuka, anayamwaga yote juu ya majivu.

"Ijumaa nitasoma mara tatu ndipo niguse moto," anasema, akifuta kioo kwa upindo wa kitenge. "Wenye mtihani wapate kipimo chao kwanza. Kumwaga nitamwaga baadaye."