Viunzi Visivyoanguka

Mwanamke huyu alimzaa mkimbiaji aliyeweka rekodi ya taifa ya kuruka viunzi, na kwa miaka mingi hakuwahi kumtazama mwanawe akiruka hata kiunzi kimoja. Usimcheke upesi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa na sababu zake.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alipiga pasi mashuka, akayakunja, akayasukuma kwa toroli hadi wodini, na njia ya wodini ilipita mlangoni pa chumba cha kufungia plasta. Kila aliyevunjika mguu mjini, yeye alimwona. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje akaushangilie mchezo ambao watu wanawekewa vizuizi njiani makusudi, kisha wanaambiwa wakimbie?

Lakini sababu hasa ilitoka nyumbani. Binti yake huyo alipokuwa shule ya msingi, mwembamba, miguu mirefu, wenzake walimwita Panzi, na jina likaganda hadi wazazi nao wakawa Mama Panzi na Baba Panzi. Mwalimu wa michezo alisema mtoto ana kipaji cha viunzi. Baba alikuwa seremala, na seremala akisikia mwanawe anahitaji kitu cha mbao hangoji kuambiwa mara mbili. Akapima, akaranda, akapiga msasa, akavichimbia viunzi vyake nyuma ya nyumba na kushindilia udongo. Hakuvumilia kitu kinachoyumba. Meza yake ukiisukuma, unasogea wewe.

Jioni ile Panzi alijikwaa kwenye kiunzi cha pili, na kiunzi hakikutikisika. Mama, aliyekuwa akianika nguo, aliona mwili wa mtoto ukipinduka juu ya ubao na kutua kwa mkono na mdomo. Mkono ukavunjika, jino likang'oka. Mama aliliokota lile jino mchangani, akalifunga kwenye kitambaa, na tangu hapo hakutazama tena.

Mkono ulipona na Panzi akarudi kwenye mbio kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba alikwenda kumtazama kwenye mashindano ya shule, akarudi kimya, akaving'oa viunzi vyake vyote na kwa mbao zake akaunda benchi. Mama alidhani ni majuto ya ule mkono, akamwacha. Benchi akalitumia kukunjia nguo.

Panzi akapanda, kutoka shule hadi klabu, kutoka klabu hadi timu ya taifa. Akikimbia mjini, Mama alikwenda uwanjani, lakini alisimama nyuma ya jukwaa, karibu na bomba la maji, mgongo ukiwa umeelekea mbio. Akikimbia nje ya nchi, majirani walijazana mbele ya televisheni naye akaingia chumbani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Baadaye akampigia simu, na hakuuliza kama ameshinda.

"Umesimama?"

"Nimesimama, Mama."

"Haya. Mungu mkubwa."

Na kabla ya kila shindano, wosia ulikuwa uleule: "Ruka juu, mwanangu. Juu kabisa."

Kocha, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, alilalamika kwamba Panzi anaruka juu mno na kupoteza muda hewani. Siku moja alikuja nyumbani akamwambia Mama, "Kujikwaa si kuanguka." Mama akammiminia chai kwa adabu zote, moyoni akisema huyu hajawahi kuokota jino la mtoto.

Siku ya rekodi alikuwa palepale bombani. Uwanja uliponguruma, alilishika bomba kwa mikono miwili, akamuuliza mlinzi, "Amesimama au amelala?"

"Panzi? Amesimama, mama. Amevunja rekodi ya taifa."

Mama alifungulia maji, akanawa uso, akalia. Alilia kwa hilo la kusimama. La rekodi alikuja kulielewa kesho yake.

Miaka ikaenda, goti la Panzi likaanza kulalamika. Akaja nyumbani, akaketi kwenye lile benchi, akasema imebaki mbio moja, ya kuagia, hapahapa mjini.

"Nina ombi, Mama. Kaa jukwaani unitazame."

"Ukianguka je?"

"Basi uone na ninavyoinuka. Watu wote hunishangilia, nami kila nikigeuka kuutafuta uso wako, siuoni."

Neno hilo lilimchoma. Akaahidi. Wiki hiyo aliliunguza shuka moja kwa pasi, akiliwaza goti lile na mlango wa chumba cha plasta.

Siku ikafika. Mama aliketi jukwaani kando ya mumewe, roho mkononi. Bastola ilipolia alifumba macho. Kisha akakumbuka ahadi, akafumbua jicho moja, halafu la pili. Panzi aliruka, akaruka tena, na pale kwenye kona mguu wake ukagonga ubao, waziwazi. Mama akainuka, mdomo wazi.

Kiunzi kikalala chini. Panzi akaendelea kukimbia. Nyuma yake msichana mwingine akaangusha chake, naye akapita zake.

"Baba Panzi."

"Naam."

"Kiunzi kimeanguka."

"Huanguka. Vimetengenezwa hivyo. Ukivigonga vinalala."

"Umejua tangu lini?"

Mzee akajikuna shingo. "Tangu yale mashindano ya shule. Ndiyo maana niling'oa vyangu."

"Usiniambie?"

"Ningekwambia nini? Kwamba jino la mtoto liling'olewa na ufundi wangu? Halafu nikadhani umeshajua. Dunia nzima inajua."

Siku nyingine angempa maneno ya kumtosha mwaka mzima. Lakini kifua kilichobana miaka yote kilikuwa kimefunguka, na Mama alijikuta anacheka, machozi yanamtoka. Miaka yote ile ya bombani!

Panzi akaja ukingoni mwa jukwaa, jasho likimtiririka, muundi wa mguu umechubuka kidogo. Hakungoja kuulizwa. "Nimesimama, Mama."

"Hilo nimeliona mwenyewe. Umekuwa wa ngapi?"

Panzi akamkodolea macho. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mama yake. "Wa nne."

"Wa nne? Na yule mwenye soksi nyekundu mlikuwa bega kwa bega. Pale mwishoni umeruka juu kama unakwepa nyoka. Si ungeugonga tu ule ubao, upite?"

Panzi alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi. "Mama, rekodi yangu niliipata siku niliyoacha kukusikiliza."

Mama naye akacheka. Kisha akalitazama goti la mwanawe kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu aliyeona magoti mengi.

"Goti hili," akasema, "haliwezi kuvumilia mbio moja tu zaidi?"