Kuni za Mwalimu Laurian

Clotilda ndiye aliyeleta habari, mikono bado ina unga wa muhogo. Kwa Mwalimu Laurian kuna kilio. Wanawake wanaomboleza ndani, tena wengi, na yeye hajaona hata mmoja akiingia. Bila shaka ni yule dada yake wa Nyantakara aliyekuwa mgonjwa.

Irambona alimfunga mgongoni mwanawe Derick, aliyekuwa anaota meno na kulia tangu asubuhi, akajitwika mzigo wa kuni. Kwenye msiba, angalau, mtoto mwenye kilio hashangazi mtu.

Mwalimu Laurian, mjane, alifundisha kwaya ya Bukiriro miaka mingi, lakini mwezi huo walikuwa hawapatani. Mpwa wake alimletea muziki wa vyombo vingi, wa usiku na mawingu, ambamo akina mama wanaimba bila kutamka neno. Mwalimu akataka kwaya iimbe hivyo Noeli. Wakamwuliza, bila neno Mungu atajuaje anaambiwa nini? Akawaomba waje kwake Jumamosi wausikilize. Usipomgusa hata mtu mmoja, atauacha. Hakuna aliyepanga kwenda.

Sasa Jumamosi yenyewe ilifika, na kwaya nzima ikaja, na kuni. Msiba ukishatajwa, nani anakumbuka ugomvi wa kwaya?

Waliweka kuni ukutani, wakakaa kwenye majani, vitenge kichwani. Mfiwa haulizwi, unakaa mpaka aseme. Ndani sauti zilipanda na kushuka. Bukuru, mpiga ngoma, alivua kofia, akanong'ona kwamba huyu si dada wa mtu, huu ni muziki wa redioni akifa mkubwa wa nchi. Akamwomba jirani simu aangalie.

Muziki ulipokuwa ukingoni Laurian alifungua mlango. Aliona kwaya yake yote imeinamisha vichwa, kimya. Machozi yakamtoka. Akina mama kuona hivyo, nao wakaanza kulia sawasawa.

Akawashukuru kwa kuja kusikiliza.

Wakatazamana. Clotilda akauliza dada amefariki lini. Laurian akasema dada kapiga simu asubuhi hiyo, anataka jogoo.

"Basi humo ndani wanalia akina nani?"

"Hawalii. Wanaimba."

"Wamefiwa na nani?"

Laurian akaurudisha muziki mwanzo, wasikie vizuri wakijua ni nini. Kisha akauliza kama kweli hakuna aliyeguswa. Bukuru akasema yeye bado anasubiri wimbo uanze. Clotilda akasema alichowaza ni mvua na muhogo wake alioanika, na huko si kuguswa, ni wasiwasi. Wakainuka. Kuni zilizopelekwa msibani hazirudi nyumbani, hata msiba ukikosekana, kwa hiyo wakaziacha, Clotilda akizigeukia mara kwa mara.

Laurian aliinama kama mtu aliyeshindwa, akazima sabufa. Papo hapo Derick akapiga ukelele.

Hapo ndipo Irambona alipogundua kwamba mgongo wake ulikuwa umetulia muda wote ule. Laurian akamtazama mtoto. Akawasha, kimya. Akazima, ukelele. Wanakwaya wakasimama penye uzio.

"Shikamoo, Mwalimu," Irambona alisema kwa aibu, maana tangu afike hakuwa amemsalimia.

"Marahaba, Mama Derick. Nina ombi." Laurian alisema kwa sauti ya kufika hadi kwenye uzio. "Kesho mlete mazoezini. Akianza kulia, nakusihi, usimnyonyeshe. Waachie hawa wambembeleze kwa kuimba."