Timu Nzima kwa Golikipa Mmoja

Nilidaka miaka mingi kuliko vidole vyangu vilivyotaka. Viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena. Nikimwelekeza mtu mtaa wa Izia anaweza akatokea Mazwi. Nilipostaafu wakanipa timu nifundishe. Golikipa huitazama hatari ikija na hana la kufanya mpaka imfikie. Kocha ni hivyohivyo, ila hana glavu.

Mwaka ule tulibakiwa na mechi moja. Sare ingetubakiza kwenye ligi ya mkoa. Tukifungwa tunashuka, na mfadhili wetu, mfanyabiashara wa kutoka Mbeya, alishasema havalishi jezi timu iliyoshuka. Kwa hiyo ilikuwa sare, au hakuna timu.

Golikipa wangu alikuwa kwao Kasense anavuna ulezi, na baba yake alikataa kumwachia. Nikapanda bodaboda kwenda kupatana naye.

Nikamwamkia mzee, tukaulizana habari za shamba na za baridi, kisha nikaanzia juu: anipe kijana wiki nzima. Akacheka. Nikashuka mpaka siku mbili, nikashuka mpaka Jumamosi tu, siku ya mechi. Akaniuliza Jumamosi hiyo atavuna na nani, maana Jumapili wako misa. Ndipo nikajiona mjanja. Nikamwambia Ijumaa nitamletea timu yangu ivune, na Jumamosi yeye anipe kijana.

"Timu nzima kwa mtu mmoja?"

"Timu nzima, mzee."

"Mwalimu, wewe hujui kununua," akasema, akanipa mkono.

Nilizaliwa hukuhuku Ufipa. Najua watu wakikusaidia shambani, jioni unawapa pombe. Nilihesabu wachezaji, nikarudia, nikahesabu na visu. Pombe sikuihesabu.

Ulezi unakatwa kwa kisu, suke kwa suke, mgongo umeinama tangu asubuhi. Vijana walivuna vizuri kuliko walivyowahi kucheza. Jua lilipoinama vyungu vikaletwa. Nikasema sisi tunaaga, kesho tuna mechi. Mama mwenye nyumba akauliza kwa upole kama pombe yake ina kasoro. Beki wangu wa kati akaninong'oneza, "Mwalimu, tusimkosee mama." Hawakumkosea. Hawakuacha hata tone. Asiyekunywa alikuwa golikipa peke yake, kwa sababu mtoto wa nyumbani ndiye aliyekuwa akiwamiminia wageni.

Jumamosi alifika mapema kuliko wote, akadaka mpaka penalti. Mbele yake wenzake walikuwa wameshika viuno. Beki wa kati aliinama kufunga kamba ya kiatu, tukafungwa bao la pili yeye akiwa bado kule chini. Tulifungwa manne.

Mzee alikuja kutazama. Filimbi ya mwisho ilipolia akanifuata.

"Mimi wangu nimemleta, mwalimu. Wako umewaacha wapi?"

Nikamwambia wako shambani kwake.

Jezi zilirudi kwa mwenyewe wiki hiyohiyo. Msimu uliofuata ulezi ulipokauka mzee akanipigia simu, anawaulizia vijana. Nikawaambia. Wakaja wote, hata wale ambao mazoezini nilikuwa nawatafuta kwa simu bila kuwapata. Jioni golikipa akazunguka na kata ya pombe, akanimiminia na mimi. Nikamtazama mikono. Vidole vyake vyote bado vimenyooka.