Sala ya Kimya Nyumbani kwa Mughwai

Nyumbani kwa Mughwai, katika kijiji kimoja upande wa Ikungi, hakuna aliyegusa ugali wa jioni kabla ya sala. Mughwai ni mzee wa kanisa, na kwenye malezi alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza ni fimbo: samaki mkunje angali mbichi, na Biblia, alisema, iko upande wake. Ya pili ni kwamba kila mtoto aombe kwa sauti, kwa maneno yake mwenyewe, na anayeomba hakatizwi wala haadhibiwi kwa alichomwambia Mungu. Hii ya pili aliitunga mwenyewe, akaisifia mpaka kwenye semina ya wazazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Mughwai chake alikichimba kwa madaha.

Ilikuwa Novemba, watu wanasubiri mvua. Mbuzi waliingia stoo wakatafuna mbegu za alizeti zilizotengwa kwa kupanda, wakajilaza humo humo wameshiba kama wageni wa harusi. Mlango ulikuwa wazi, na kufunga stoo ni kazi ya Leonard, mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kumi na minne. Mughwai hakuuliza. Alimcharaza, na kijana aliposema, "Niliufunga, Baba," akaongezwa fimbo nyingine za ubishi.

Jioni ile zamu ya kuomba ilikuwa ya Dorika, kitindamimba.

"Mungu, asante kwa ugali," alianza. "Unajua kaka Leonard aliufunga mlango. Baba aliingia kuchukua pampu ya baiskeli, akaondoka mbio kwenda kwenye kikao cha kanisa. Mimi nilimwona, lakini siwezi kumwambia, nitakuwa sina adabu. Kwa hiyo nakuambia wewe. Amina."

"Amina," aliitikia mama yao, Editha, kwa sauti ndogo.

Mughwai alibaki amefumba macho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pampu! Kweli aliichukua. Alimkasirikia mtoto, kisha akashindwa kulitaja kosa lake. Kasema kweli? Alimfundisha mwenyewe. Kamvunjia baba heshima? Mbona hakumwambia baba, kamwambia Mungu? Na Leonard je, aombwe radhi? Mughwai alilelewa akijua kwamba baba akimwangukia mtoto leo, kesho mtoto atamtuma maji.

"Baba Leonard," Editha alimwambia walipobaki wawili, "ni neno moja tu. Mwite umwambie."

"Na heshima ya nyumba hii?"

"Kwani sasa hivi iko wapi?"

Mughwai alikwenda kulitafuta jibu nje. Aliwatazama mbuzi, nao hawakuwa nalo.

Kesho yake alitangaza utaratibu mpya: kuanzia leo tunaomba kimya kimya, kila mtu na Mungu wake, ni siri. Alidhani amepona. Kumbe ameruka majivu, amekanyaga moto. Kila jioni midomo ya Dorika ilichezacheza, naye mzee wa kanisa mzima akifumbua jicho moja kuichungulia. Ananisema tena? Na huyu Leonard, ambaye midomo yake haitikisiki kabisa, anamwambia Mungu nini?

Kijana hakukosea popote. Shikamoo ya asubuhi alitoa, mbuzi alichunga, kuni alichanja. Ila chakula alikilia mlangoni, na siku moja alimwomba mama yake ruhusa ya kuhamia Itigi kwa mjomba, akasome huko. Adabu ile ile iliyokuwa ikimvimbisha Mughwai kichwa sasa ilimtia hofu. Alitamani kijana abishe kidogo, angalau asikie sauti yake. Alikuwa anampoteza mwanawe, na hakujua amshike wapi.

Akamwendea Dorika, aliyekuwa akimenya karanga uani.

"Jana uliomba nini?"

"Baba, ulisema ni siri."

"Haya. Na kaka yako huwa anaomba nini?"

"Kaka haombi. Anafumba macho tu."

"Kwa nini haombi?"

Dorika alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Anasema Mungu naye ni Baba."

Mughwai alikalia kinu kilicholazwa pale. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Alisikia aibu, na chini ya aibu hiyo uchungu ambao hakuwahi kuuona kwenye semina yoyote. Dorika akamsogezea karanga, akidhani baba ana njaa.

Jioni hiyo begi la Leonard lilikuwa karibu na mlango, likisubiri basi la asubuhi la kwenda Itigi. Wote wakafumba macho.

"Leo ni kwa sauti," alisema Mughwai. "Naanza mimi."

Akaanza kama siku zote, "Baba yetu," akakwama hapo hapo. Yeye, ambaye kanisani huombwa afupishe! Akarudia, "Baba yetu," akakwama tena. Ugali ukaanza kupoa. Mwishowe akafumbua macho, akamgeukia mwanawe.

"Leonard, mlango niliuacha wazi mimi. Nilikupiga bure. Nisamehe, mwanangu."

Leonard alifumbua macho. Akamtazama baba yake usoni. Editha akaufunika ugali usizidi kupoa. Dorika aliwatazama mmoja mmoja, asijue kama sala imekwisha au ndiyo kwanza inaanza, na kama huu ni wakati wa kusema amina.